Kisiwa Kilichohama Upande wa Barabara



Biharusi wa Unguja au Pemba anayeolewa Maskati hupewa maneno mengi kabla ya kupanda ndege. Ataambiwa habari za mawifi, za joto la mwezi wa sita, za namna ya kumkaribisha mama mkwe. Lisilosemwa sana ni gari. Kwetu gari hupita kushoto na usukani uko kulia. Oman na nchi nyengine za Ghuba gari hupita kulia na usukani uko kushoto. Basi mwanamke aliyeendesha miaka mitano hapa nyumbani, siku yake ya mwanzo kule mkono wa kushoto unatafuta gia na kugonga mlango. Akitaka kuwasha indiketa, vifuta maji vinaanza kusugua kioo kikavu. Mume anacheka, mawifi kiti cha nyuma wanavuta uradi.

Hilo ni la mtu mmoja aliyehamia kwa watu. Leo tunataka tuwasimulie habari za kisiwa kizima kilicholazimika kujifunza barabara upya mara mbili ndani ya miaka 33, na watu wake hawakwenda popote. Wao walihamiwa.

Kisiwa chenyewe ni Okinawa, katika visiwa vya kusini ya Japani. Kwa ukubwa ni kidogo kuliko Unguja yetu, kilomita za mraba 1,200 hivi. Ni nchi ya matumbawe, muwa, samaki na vimbunga. Zamani kilikuwa na ufalme wake, ufalme wa Ryukyu, uliofanya biashara kwa majahazi na China na nchi za kusini mashariki ya Asia, mpaka Japani ilipoufuta mwaka 1879. Ukisoma habari za Ryukyu unaona sura tunayoijua: kisiwa kidogo kinachoishi kwa bahari na kwa kujua kuzungumza na wakubwa.

Tarehe 1 Aprili 1945 jeshi la Marekani lilishuka Okinawa. Vita vilivyofuata vilidumu mpaka Juni, na inakadiriwa kwamba katika kila wakaazi wanne wa kisiwa, mmoja alikufa. Waliobaki hai wengi walikusanywa kwenye kambi chini ya ulinzi wa jeshi, hawana nyumba, hawana mashamba. Na ni wakati huo huo, Juni 1945, jeshi lilipotoa amri ya barabara. Japani yote gari zilikuwa zinapita kushoto. Wamarekani walikuja na malori na majipu yao kwa maelfu, usukani kushoto, na madereva vijana waliozoea kupita kulia. Basi Okinawa nayo ikaambiwa: kuanzia sasa ni kulia. Watu waliokuwa ndani ya mahema hata mkokoteni hawana, sijui nani angewauliza.

Kuna jambo jengine la wakati huo ambalo halitajwi sana, na sisi tunaona ndilo lililoamua mengi kuliko hata upande wa kupita. Kabla ya vita Okinawa ilikuwa na reli. Ilikuwa reli nyembamba, iliyoanza mwaka 1914, ikitoka mji mkuu wa Naha kwenda Yonabaru, Kadena na Itoman. Muwa ulisafiri kwa reli hiyo, na abiria pia. Vita viliiharibu yote, na haikujengwa tena. Jeshi halikuhitaji treni. Lilihitaji barabara pana za kupitisha malori baina ya bandari, viwanja vya ndege na kambi. Ikajengwa barabara kubwa ya kutoka Naha kwenda kaskazini, ikaitwa Barabara ya Kijeshi Namba 1. Wenyeji walipotoka kambini walikuta kisiwa kimepangwa kwa ajili ya gari. Anayetaka kwenda hospitali, sokoni au kumtazama mzazi wake kijijini, ni basi au miguu, na baadaye, kwa aliyejaaliwa, gari lake. Mpaka leo, ukiacha treni ya reli moja ya juu iliyofunguliwa Naha mwaka 2003, kisiwa hakina treni.

Kwa hiyo tunapozungumza gari na leseni katika Okinawa hatuzungumzi anasa. Tunazungumza namna mtu anavyofika mahali, na nani anaulizwa akimgonga mwenzake njiani.

Mkataba wa amani uliosainiwa San Francisco mwaka 1951 uliirudishia Japani uhuru wake kuanzia Aprili 1952, lakini Okinawa ikabaki chini ya Marekani. Wenyeji walipewa serikali yao ndogo, Serikali ya Visiwa vya Ryukyu, yenye polisi na mahakama. Juu yake walikaa watawala wa Kimarekani. Fedha ya kisiwa ikaja kuwa dola. Mtu wa Naha akitaka kwenda Tokyo alihitaji hati ya kusafiria, kama anakwenda nchi ya kigeni. Na askari wa Kimarekani akikosa barabarani, kesi yake haikwenda kwa hakimu wa kisiwa. Ilikwenda mahakama ya kijeshi, kwa Kiingereza, mbele ya maafisa wenzake.

Askari walileta familia. Zikajengwa nyumba za mabati na saruji ndani ya uzio, zenye bustani za majani na mahali pa kuegesha gari. Magari yao yalikuwa na vibao vya namba vya peke yao. Vilikuwepo vilivyoandikwa kwa Kiingereza kwamba kisiwa ni jiwe kuu la Pasifiki, lile jiwe linaloshika tao lisianguke. Sisi tunaelewa kibao cha namba kinavyosema. Gari la hapa lina Z, la bara lina T, na kila mtu barabarani anajua nani mgeni. Lakini liwe Z liwe T, dereva akimgonga mtoto Darajani atachukuliwa na polisi wa hapa hapa, na mama wa mtoto anajua mlango wa kubisha. Okinawa ya miaka ile kibao kilikuwa kinasema zaidi ya hapo. Kilikuwa kinasema huyu hatumuwezi.

Tarehe 28 Februari 1963 mtoto wa skuli ya kati alikuwa anavuka Barabara Namba 1 mjini Naha. Alivuka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na taa ya kuvukia ilikuwa ya kijani. Lori la jeshi lilimgonga akafa. Dereva, askari wa majini, alijitetea kwamba mwanga wa jua ulimpiga kwenye taa asiweze kuiona rangi yake. Mei mwaka ule ule mahakama ya kijeshi ilimuachia huru. Tuliolelewa tukijua kwamba damu ya mtu ina wenyewe, tunaweza kuhisi familia ile ilikaaje siku hiyo. Walimu, wazazi na wanafunzi waliandamana. Jua likabaki ndilo lenye kosa.

Miaka saba baadaye, Septemba 1970, yalitokea tena Itoman, mji wa wavuvi wa kusini. Mara hii aliyeuliwa alikuwa mwanamke mtu mzima, akipita pembeni mwa njia. Askari alikuwa anaendesha kwa kasi, naye amelewa. Watu wa Itoman walikuwa wameshajifunza. Walilizunguka gari wakazuia lisiondolewe, wakataka uchunguzi ufanywe mbele ya macho yao, kwa sababu walijua kwamba gari likishavutwa ndani ya uzio na ushahidi umekwenda nalo. Haikusaidia. Desemba mahakama ya kijeshi ilimuachia dereva kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

Haikupita hata mwezi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Desemba 1970, katika mji wa Koza uliokuwa mlangoni mwa kambi kubwa ya ndege ya Kadena, gari la Mmarekani lilimgonga mwenyeji. Safari hii aliyegongwa hakufa wala hakuumia sana. Lakini watu walikusanyika, wakalitaja jina la Itoman, na polisi wa kijeshi walipofyatua risasi hewani kuwatawanya, usiku ulichafuka. Magari zaidi ya 70 yalitiwa moto. Yalikuwa yakijulikana kwa vibao vyao vya rangi ya manjano, ambavyo vilikuwa vya Wamarekani. Watu waliyasukuma mpaka katikati ya barabara kwanza, yasichome maduka ya jirani, ndipo wakayawasha. Hakuna aliyekufa usiku ule.

Hatusifii moto. Lakini tunaomba msomaji aangalie kilichochomwa. Watu waliokuwa na miaka 25 ya kunyang'anywa ardhi, ya kelele za ndege na ya dharau nyengine nyingi, hasira yao iliangukia magari yenye vibao vya manjano, kwa sababu barabarani ndipo walipokutana na utawala ule kila siku, uso kwa uso.

Tarehe 15 Mei 1972 Okinawa ilirudishwa Japani. Dola zikabadilishwa kwa yeni. Barabara ya Kijeshi Namba 1 ikawa Barabara ya Taifa Namba 58. Kambi zilibaki. Na gari ziliendelea kupita kulia, katika nchi ambayo kwengine kote zinapita kushoto.

Hilo lisingeweza kukaa hivyo. Japani ilikuwa imejiunga mwaka 1964 na Mkataba wa Geneva wa usafiri wa barabarani wa mwaka 1949, unaotaka nchi moja iwe na upande mmoja wa kupita. Kulipangwa kubadilisha mapema, lakini mwaka 1975 Okinawa ilikuwa mwenyeji wa maonesho makubwa ya kimataifa ya bahari, wageni wakija kwa wingi, ikaonekana si busara kuwachanganya watu wakati huo. Siku ikasogezwa mpaka tarehe 30 Julai 1978. Wajapani huandika mwezi kabla ya siku, kwa hiyo ikawa saba thelathini, na kwa kuandika tu: 730. Namba hiyo ilibandikwa kila mahali, kwenye mabango, kwenye mabasi, kwenye madaftari ya watoto. Bondia Yoko Gushiken, bingwa wa dunia na kijana wa Ishigaki, kisiwa cha mkoa huo huo, aliwekwa kwenye matangazo kuwakumbusha wenzake kwamba gari sasa ni kushoto na mtu wa miguu ni kulia.

Kazi yenyewe ukiisoma unachoka wewe. Mabasi yaliyokuwepo milango yao ilikuwa upande wa kulia. Barabara ikihama, mlango unafungukia katikati ya njia na abiria anashukia kwenye magari. Ilibidi yanunuliwe mabasi mapya yapatayo 1,000. Taa za mbele za magari zilikuwa shida nyengine ambayo mtu hawezi kuifikiria: taa hupangwa ielemee pembeni mwa njia, isimpige machoni anayekuja mbele. Upande ukibadilika, kila gari linamulika macho ya mwenzake, kwa hiyo taa nazo zirekebishwe. Alama za barabarani ziliwekwa upande mpya siku nyingi kabla, zikafunikwa. Polisi wengi waliletwa kutoka visiwa vikuu vya Japani kusaidia. Siku ilichaguliwa katika likizo ya skuli, ili watoto wasiwe njiani.

Usiku wa tarehe 29, saa nne, magari yote yalipigwa marufuku isipokuwa ya dharura. Kwa masaa manane kisiwa kilikuwa cha mafundi. Walikuwa wakivua mifuniko kwenye alama mpya na kuifunika ya zamani, wakifuta mistari na kugeuza mishale ya lami. Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, gari ziliruhusiwa, na zikapita kushoto.

Siku zilizofuata zilikuwa na foleni ndefu na ajali, za mabasi zikiwemo. Dereva wa basi alikuwa na basi jipya, mlango mpya, upande mpya, na abiria wale wale wenye haraka. Wapo waliopoteza riziki bila kugongwa na mtu. Mwenye duka la chakula au kituo cha mafuta aliyechagua upande ambao watu hupita jioni wakirudi nyumbani aliamka akakuta wateja wake wanapita upande wa pili, na kituo cha basi kilichokuwa mbele ya mlango wake kimehamishwa. Kina mama walikuwa na kazi yao pia, na hiyo haihitaji fundi wala bajeti. Mtoto aliyefundishwa toka anaanza kutembea kwamba gari la kwanza litamtokea kushoto, sasa afundishwe kwamba litamtokea kulia. Mwenye watoto anajua jambo kama hilo linarudiwa mara ngapi.

Duniani si wengi waliohama kwa mwelekeo huo. Nchi nyingi zilizobadilisha zilitoka kushoto kwenda kulia, kama Sweden mwaka 1967. Samoa ndiyo iliyofuata njia ya Okinawa mwaka 2009, kutoka kulia kwenda kushoto, na sababu yao ni ya kisiwa hasa: walitaka gari za rahisi kutoka Australia na New Zealand. Wazanzibari hatuwezi kuwashangaa, sisi ambao barabara zetu zimejaa gari zilizochakaa mikononi mwa Wajapani kabla ya kuchakaa mikononi mwetu.

Sasa tuje kwenye leseni, maana hapa ndipo habari hii inapowagusa mabiharusi zaidi.

Tangu 1972 Okinawa inafuata makubaliano ya Japani na Marekani ya mwaka 1960 kuhusu hali ya majeshi. Kifungu cha 10 kinahusu gari. Kinasema Japani itaikubali leseni inayotolewa na upande wa Marekani kwa askari, watumishi wa kiraia na wategemezi wao, bila kuwapa mtihani wake na bila kuwatoza ada. Gari binafsi zitakuwa na vibao vya Kijapani, vitakavyopatikana kwa masharti yale yale ya wenyeji. Na gari za jeshi zenyewe zitakuwa na namba au alama za kuzitambulisha.

Kwa hiyo mke wa askari anayefika Okinawa na leseni halali ya kwao haendi kwa polisi wa Kijapani. Anakaa darasani kambini, anafundishwa alama za barabarani na sheria, anafanya mtihani wa maandishi, anapewa kadi ya leseni ya jeshi. Anaambiwa mwendo hapa ni kwa kilomita. Anaambiwa taa nyekundu ni nyekundu hata kwa anayekata kona ya karibu, jambo ambalo kwao aghlabu huruhusiwa. Anaambiwa habari ya pombe, ambayo kwa Japani ni kali kuliko kwao, na tangu 2007 hata anayepanda gari kwa kujua kwamba dereva amekunywa anaweza kuadhibiwa, na aliyempa kinywaji pia. Sisi pombe si yetu, lakini sheria hiyo ya kumuuliza na aliyekaa pembeni akanyamaza tunaipenda. Na anaonywa kuhusu mvua: lami ya Okinawa imechanganywa na mawe ya matumbawe ya kisiwa, ikirowa inateleza kama sabuni.

Gari lenyewe mara nyingi hanunui jipya, wala halileti la kwao kwa meli, maana kulifanya likubalike kwa sheria za Japani ni gharama na usumbufu. Anauziwa na familia inayoondoka. Kambini gari huzunguka hivyo, kutoka mke kwa mke, na swali la kwanza si la injini. Ni la tarehe ya ukaguzi. Japani kila gari hukaguliwa na serikali, jipya baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na pamoja na ukaguzi hulipwa bima ya lazima. Gari ambalo ukaguzi wake umekaribia kwisha huuzwa bei ya kutupa. Hiyo ndiyo moja ya sababu gari za Japani zinatufikia sisi zikiwa bado nzima: mwenyewe ameona bora auze kuliko alipie ukaguzi mwengine wa gari la zamani. Likishasajiliwa hupewa kibao, na pale ambapo gari la Mjapani lina herufi ya Kijapani, lao lina herufi Y. Mtoto mdogo wa Okinawa anaijua Y.

Lakini lisomeni vizuri lile neno wategemezi. Leseni ya yule mke haisimami juu ya mikono yake, hata awe dereva hodari namna gani. Inasimama juu ya kazi ya mume. Mume akihamishwa, au ndoa ikivunjika akatoka katika daraja hiyo, kadi ile haina maana tena kwenye barabara ya Naha, na akitaka kubaki na kuendesha lazima aende kwa Wajapani kama mgeni mwengine yeyote. Wenzetu wanaoishi Ghuba kwa ukaazi wa udhamini wa mume wanalielewa hili bila kuelezwa. Kwa hiyo biharusi anayetuuliza abebe nini, pamoja na udi na kanga zake, tunamwambia abebe leseni yake ya nyumbani ikiwa hai, aihuishe kabla haijamalizika, na akifika aulize mapema: leseni nitakayopewa hapa ni yangu au ni ya ukaazi wangu? Na gari tutakalonunua, limeandikwa jina la nani? Si maswali ya kukosa imani na mume. Ni maswali ya mtu mzima anayejua kwamba siku moja usiku mtoto atapata homa na baba yake yuko safarini.

Turudi kwa wenyeji, maana wao ndio waliokuwa wakisubiri kuona kama kifungu kile kitatimizwa. Gari za jeshi zenye namba, kilisema, mwaka 1960. Mwaka 1995 msichana mdogo wa Okinawa alidhulumiwa na askari watatu, kisiwa kizima kikasimama, na serikali mbili zikaunda kamati ya kuangalia mzigo wa kambi. Ripoti yake ilitoka Desemba 1996. Ndani yake, pamoja na mambo makubwa ya kurudisha ardhi, umo mstari mdogo: gari za kawaida za jeshi zitafungwa vibao vya namba ifikapo Januari 1997, na gari nyengine zote za jeshi ifikapo Oktoba 1997. Yaani ilichukua miaka 36 na maandamano ya kisiwa kizima, ndipo mkaazi aliyegongwa na lori la jeshi akawa na uhakika wa namba ya kuiandika. Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba kuanzia Januari 1997 kila aliye chini ya makubaliano yale atatakiwa awe na bima ya ziada ya gari, kwa sababu ile ya lazima peke yake mara nyingi haikutosha kumlipa aliyefiwa au aliyelemaa.

Ya mahakama yalikwenda pole pole zaidi. Makubaliano yanasema kosa lililofanywa katika kazi ni la Marekani kulihukumu kwanza, na kwa muda mrefu hata mtumishi wa kiraia akiendesha gari kurudi nyumbani kutoka kazini alihesabiwa yumo kazini. Januari 2011 kijana wa miaka 19 aliuawa katika ajali ya namna hiyo, katika mji wa Okinawa, ambao Koza ya zamani sasa ni sehemu yake. Waendesha mashtaka wa Kijapani mwanzo walisema hawana uwezo. Familia na watu wa kisiwa hawakunyamaza. Novemba mwaka huo serikali mbili zilikubaliana kwamba, katika kesi kama hizo za raia, Japani ikiomba na Marekani ikiridhia, mtu anaweza kushtakiwa kwa hakimu wa Kijapani. Dereva yule alishtakiwa, na mwaka 2012 akahukumiwa kifungo. Angalieni masharti: ikiomba, na ikiridhia. Lakini mwaka 1963 hata sharti la kuomba halikuwepo.

Lililobaki mezani ni kodi. Mwenye gari la Y hulipa kodi ya barabara ya mwaka iliyo ndogo kuliko anayolipa jirani yake Mjapani kwa gari la aina ile ile, na viongozi wa mkoa wa Okinawa wameilalamikia tofauti hiyo kwa miaka, kwa sababu barabara zinazotengenezwa kwa kodi hiyo ni moja, na malori ya jeshi nayo yanapita humo humo, upande wa kushoto.